Mkate wa ngano isiyokobolewa, sukari kidogo: mashine ya kuoka mkate au oveni?

Hamira haihitaji sukari ya kuongeza. Ile inayotokana na wanga wa unga wenyewe huitosha. Tatizo ni pumba. Hunywa maji mengi na kudhoofisha gluteni (protini inayoshikamanisha donge), hivyo donge huumuka polepole. Hapa mikono na oveni hushinda: unangoja hadi donge liwe tayari, ilhali mashine hufuata saa tu. (Ukinunua, hakikisha ina programu ya ngano isiyokobolewa.)

Kwa umeme na usafi, mashine iko mbele, ingawa utando wa chombo chake usioshika mkate huchubuka na pala yake ya kukandia huacha tundu chini ya mkate. Ukishinda kazini, mashine itakufaa kweli. Ukiwa na muda, na unapenda ganda gumu, washa oveni.