Mshahara: kuelewana na fundi mmoja mmoja, au na chama?

Nina karakana ya samani Ngong Road, Nairobi, na mshahara tunaelewana mtu kwa mtu. Rafiki yangu mwenye kiwanda Industrial Area hukaa mezani na chama cha wafanyakazi.

Njia yangu ni nyepesi mwanzoni. Fundi akimaliza kochi likapendeza, namwongezea siku hiyohiyo. Shida ni Jumamosi jioni: huyu anaomba advansi ya kodi ya nyumba, yule kasikia mwenzake kalipwa zaidi, na mimi bado nangoja mteja atume M-Pesa. Siri ya mshahara haikai karakanani hata wiki.

Kwa rafiki yangu, mambo yana utaratibu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama kilichopata wengi wa wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama huandikwa na kusajiliwa mahakamani, kwa hiyo gharama anaijua mapema na bei anaipanga nayo. Ila Januari, wazazi wakikazana na karo na oda zikikauka, kiwango kilichoandikwa hakishuki.

Kwa mafundi wachache, mimi nabaki na njia yangu, lakini kwa maandishi. Wakiwa thelathini, heri chama. Na anayedhani kukwepa chama ni kukwepa gharama, kima cha chini cha mshahara kinamhusu vilevile, na kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi.