Breki, matairi na mteremko wa Kitonga: uzoefu wangu na Toyota IST ya mwaka 2004

Nimetumia pedi mpya za breki za mbele, mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 na matairi manne mapya kwenye Toyota IST yangu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kwa kuwa gari hili lipo karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, naona ni haki niwaeleze wenzangu nilichonunua, kilivyofungwa na kilivyofanya kazi barabarani. Langu ni la mwaka 2004, lenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1500, gia za kujibadilisha zenyewe, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Nalitumia mjini siku za kazi, na mara mbili au tatu kwa mwaka naenda nalo Iringa kwa wazazi.

Safari iliyonifanya nitoe fedha hizi ilikuwa ya Desemba 2023. Tulikuwa tunarudi Dar es Salaam tukiwa watu wazima wanne na mtoto mmoja, buti likiwa na gunia la viazi kutoka nyumbani na matenga mawili ya nyanya tuliyonunua Ilula. Baada ya Ilula ndipo unapoanza mteremko wa Kitonga, na wanaoujua hawahitaji kuambiwa jinsi barabara ilivyobanwa kati ya mlima na korongo, kona moja ikiishia kwenye nyingine, huku malori yakitambaa mbele na nyuma yako. Niliteremka gia ikiwa D, ile ya mwendo wa kawaida, na mguu wangu ukiwa juu ya breki muda wote, kwa kuwa lori lililokuwa mbele yangu lilikwenda polepole. Tulipofika kama katikati ya mteremko, harufu ya kuungua iliingia ndani ya gari, na nilipokanyaga breki kwenye kona iliyofuata pedali ilizama laini kama nimekanyaga godoro, ikaenda karibu na sakafu kabla gari halijaanza kupunguza mwendo.

Nilirudisha gia hadi 2, kisha L, ambazo ni gia za chini. Injini ikanguruma kwa nguvu, lakini gari likashikwa, tukateremka hivyo hivyo hadi Mahenge nilipopata mahali pa kuegesha. Tulikaa pale kwa takriban dakika 40. Nilipojaribu tena pedali, ilikuwa imerudi juu na ngumu kama kawaida, na hakukuwa na tone lolote chini ya gari wala kwenye magurudumu. Dalili hiyo ni muhimu sana: kama pedali inazama kwenye mteremko na inarudi yenyewe gari likipoa, bila kuvuja popote, basi anayestahili kushukiwa kwanza ni mafuta ya breki.

Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama gari halina tatizo lolote. Yakiwa mapya, DOT 3 inatakiwa ichemke kwenye nyuzijoto 205 au zaidi, na DOT 4 kwenye 230 au zaidi. Lakini yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye majaribio ya ubora wake, viwango hivyo vya chini vinashuka hadi 140 na 155. Mvuke ukishajitokeza ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kubonyeza pistoni, kwa sababu mvuke hubonyea na mafuta hayabonyei. Sisi tunaoishi pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili. Mimi nilikuwa nimemiliki gari hilo kwa miaka minne na sikuwahi kuyabadilisha hata mara moja.

Gereji ya kwanza niliyokwenda haikunisaidia. Fundi alichungulia gurudumu moja kwa tochi bila kulifungua, akasema, "Bosi, pedi bado zipo," akaongeza mafuta kidogo kwenye kopo la breki, kisha akaanza kunishawishi kuhusu injini: nifungue njia ya moshi, niweke chujio la hewa la wazi, na kompyuta ya gari ipangwe upya ili gari liwe jepesi. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimetoka kukosa breki na familia yangu ikiwa ndani ya gari. Akarudia kwamba pedi zipo. Nililipa nikaondoka, na hadi leo nasikitika ninapofikiria ni wangapi hurudishwa barabarani kwa maneno hayo.

Kazi niliyoridhika nayo ilifanyika katika gereji ndogo maeneo ya Tabata, Januari 2024. Fundi wa pale alilinyanyua gari, akavua magurudumu yote manne, akatoa pedi za mbele na kuzipanga juu ya meza, ya ndani na ya nje, kila upande. Kulia zilikuwa zimelika sawasawa. Kushoto, pedi ya nje ilikuwa na unene wa milimita 6, na ya ndani ilikuwa imebaki milimita 2 tu. Akachukua kidole changu akakipitisha kwenye pini inayobeba kalipa: ilikuwa na kutu na grisi iliyokauka kama lami, haitelezi. Alinieleza kwamba pini ikikwama, kalipa haiwezi kujisogeza, hivyo pedi moja hufanya kazi ya mbili, na hata mguu ukishaachia breki inaendelea kusugua diski. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gurudumu la kushoto lilikuwa linanukia zaidi, na kwa nini mtu anayechungulia kwa nje hawezi kuliona tatizo hili: pedi iliyokuwa imekwisha ni ile iliyojificha nyuma ya diski.

Pedi nilizinunua Gerezani, Kariakoo. Nilionyeshwa aina mbili, moja ikiwa na bei ya karibu nusu ya nyingine. Ile ya bei nafuu, kingo za pedi zilimeguka nilipozikwaruza kwa ukucha, na bamba la nyuma halikuwa na karatasi za chuma za kuzuia kelele. Nilichukua Advics, kampuni ya Japani inayotengeneza breki za magari mengi ya Toyota, kwa shilingi 75,000 seti ya mbele. Diski zilikuwa na mifereji midogo lakini unene wake ulikuwa bado juu ya kiwango cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo zilipelekwa kwa fundi wa mashine zikasawazishwa badala ya kununuliwa mpya. Pini zilisafishwa na kupakwa grisi maalumu inayostahimili joto, kwa sababu ya kawaida huyeyuka au huvimbisha mipira. Dramu za nyuma zilifunguliwa, zikapulizwa vumbi na kurekebishwa, maana shuu zake, yaani vipande vinavyosugua ndani ya dramu, zilikuwa bado nzima.

Kisha likaja zoezi la mafuta, ambalo ningemshauri kila mwenye gari alisimamie kwa macho yake. Fundi alinyonya mafuta ya zamani kwenye kopo kwa bomba la sindano, akajaza mapya, akaanza na gurudumu la nyuma kushoto ambalo kwenye gari lenye usukani wa kulia ndilo lililo mbali zaidi na masta, yaani pampu kuu ya breki. Mimi nilikaa kwenye usukani. "Kanyaga mara tatu. Shikilia. Usiachie mpaka niseme." Alikuwa ameunganisha mpira mwembamba unaopitisha mwanga kutoka kwenye nipeli, yaani skrubu ya kutolea mafuta kwenye gurudumu, hadi ndani ya chupa tupu ya maji, na kilichotoka kwanza kilikuwa cheusi kama kahawa ya kijiweni, chenye mapovu madogo, baada ya dakika kadhaa kikawa rangi ya chai, na mwisho kikawa angavu chenye manjano hafifu, sawa na kilichokuwa kwenye kopo jipya. Tuliyarudia hayo kwa magurudumu yote manne, na lita moja ya DOT 4 ya shilingi 24,000 ilitosha na kubaki kidogo.

DOT 4 inaweza kutumika mahali pa DOT 3, lakini DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isiguswe kabisa kwenye magari yetu haya, na mtu asikubali kuwekewa oili ya aina nyingine yoyote kwenye kopo la breki, kwa kuwa huvimbisha mipira ya mfumo mzima. Tone likidondokea rangi ya gari limwagiwe maji mara moja, la sivyo rangi itababuka. Langu lina alama ya ukubwa wa kidole karibu na taa ya kulia kwa sababu tulichelewa kuliona.

Ufundi wote uligharimu shilingi 50,000. Nati za magurudumu zilikazwa kwa spana yenye kipimo, niutonimita 103, na baada ya kilomita 100 nilirudi zikakaguliwa tena bila malipo. Kwa siku ya kwanza niliagizwa kuzizoeza pedi: kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa nipunguze taratibu hadi 20 bila kusimama kabisa, mara nyingi, nikiacha nafasi ya kupoa kila mara. Pedali ilikuwa juu na ngumu tangu dakika ya kwanza. Kasoro nilizoziona ni mbili: kelele ya mlio asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo, ambayo ilikwisha yenyewe, na vumbi jeusi kwenye rimu za mbele, ambalo halijakwisha.

Matairi sikuwa na mpango nayo, lakini fundi aliposoma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT (huu ni wa matairi, si daraja la mafuta ya breki) ubavuni mwa tairi moja, ziliandikwa 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Nilikuwa nimeyanunua mwaka 2021 kama mtumba kutoka Japani, yanang'aa kwa dawa nyeusi, na kashata zake, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, zilikuwa bado ndefu. Fundi alikunja mpira kidogo kwa vidole viwili, nyufa nyembamba zikafunguka kuzunguka ubavu mzima. Mpira huzeeka kwa jua na joto hata kama haujalika, na kwa kuwa wengi wetu tunapima tairi kwa kashata peke yake, tunalipia vitu ambavyo umri wake ulikwisha kabla havijapakiwa melini.

Nilinunua mapya manne ya 185/65R15 88H kwa shilingi 190,000 kila moja, msimbo wake ukiwa 3823. Namba 88 maana yake kila tairi linaweza kubeba kilo 560, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, ambao mimi siutaki, lakini uwezo huo unasaidia tairi lisichemke haraka likiwa limebeba mzigo. Balansi na alaimenti zilikuwa shilingi 40,000, na gari likaacha kuvuta kushoto. Tofauti kubwa niliiona kwenye mvua, kati ya Chalinze na Morogoro, ambako zamani usukani ulikuwa unalegea nikipita kwenye maji yaliyotuama. Sasa nausikia mkononi muda wote. Upepo napima asubuhi kabla ya kuondoka, matairi yakiwa yamepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na siupunguzi nikifika Morogoro eti kwa sababu umepanda, maana kupanda kwake kukiwa na joto la safari ni jambo la kawaida.

Kuhusu injini nina machache. Niliweka plagi mpya, chujio la hewa la kawaida, nikasafisha njia ya hewa inayoingia kwenye injini, na oili ni 5W-30, lita 3.7 pamoja na chujio lake. Gari linatulia likisimama kwenye taa nyekundu na linaitika vizuri. Kupanga upya kompyuta ya 1NZ-FE sioni faida yake, kwa sababu injini hii haina taabo (turbo, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ambayo presha yake ingeweza kuongezwa. Nguvu zake ni za farasi takriban 110 na nyongeza itakayopatikana ni ndogo mno. Gari lililopanda kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa lina nishati mara nne ya ile ya mwanzo inayotakiwa kuzuiwa ili lisimame, na kazi hiyo yote ni ya pedi zile zile na mpira ule ule unaogusa lami. Shilingi 949,000 zilizonitoka kwa breki na matairi ziliniuma, lakini sijajutia hata moja.

Desemba 2024 nilirudi Kitonga, na watu wale wale, na viazi pia. Safari hii nilishusha gia hadi 2 kabla mteremko haujaanza, na kwenye kona kali nikaweka L, nikikanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha nikiachia ili zipoe. Nilisimama Mahenge mahali pale pale. Nilisogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele kushoto bila kuligusa: joto lilikuwepo, harufu haikuwepo. Nikarudi kwenye kiti nikakanyaga pedali, ikasimama pale pale iliposimama asubuhi tulipotoka Iringa.

Kwenye kifuniko cha kopo la breki, fundi aliandika kwa kalamu ya wino mzito 01/2024. Mafuta haya nitayamwaga Januari 2026, hata kama yataonekana bado yana rangi nzuri.