Madodoso mawili ya kupima chuki: lipi linafaa semina za wauguzi Dar?

Nafundisha wauguzi na washauri nasaha hapa Dar es Salaam kuhudumia makundi maalumu bila kuwadharau. Kabla ya semina nagawa dodoso, na mawili nimeyatumia vya kutosha.

La kwanza ni la Gregory Herek wa Marekani, la mwaka 1988, sentensi 20 kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Linaingia moja kwa moja: ni dhambi, wanachukiza, si maumbile. Mtaani linafaa sana, watu wanajibu walicho nacho moyoni. Semina ni habari nyingine. Muuguzi anajua jibu linalotakiwa, anajaza "sikubali" mpaka chini.

La pili nalipenda zaidi. Melanie na Todd Morrison walilitoa Kanada mwaka 2002: sentensi 12, kila moja alama 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Dhambi haimo. Linauliza kama hawa watu wanadai mno, kama wanajitangaza kupita kiasi, kama ubaguzi dhidi yao umeshakwisha. Dada mmoja wa mapokezi, mchangamfu kweli, aliniambia, "Mgonjwa ni mgonjwa tu, mwalimu." Karatasi yake ya kwanza ilisema hivyohivyo. Ya pili akanionyesha mwenyewe: penye kujitangaza amezungushia 5, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Aje kama wengine. Asitembee vile, asiongee vile."

Kijana akifika dirishani na mwendo huo atapokewa kwa jicho hilo, na dawa asirudi tena kuchukua. Dodoso la Herek lisingeniambia.

Kasoro ipo, tena kubwa. Kanada iliacha kuwafunga watu hawa mwaka 1969, ikaruhusu ndoa zao 2005. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ni kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Kumuuliza mtu wa Dar kama wameshapata haki zote ni kumchanganya bure. Alama za hapo nazisoma kando, sizijumlishi. Sentensi zilizogeuzwa, yaani zile ambazo kukubali ndiko kunaonyesha huruma, nazo zinawakwaza wengi, bora uzisome kwa sauti.

Mkilitumia, tafadhali msiweke nafasi ya jina wala ya kituo. Aliyejibu kwa huruma anaweza kunyooshewa kidole kazini, kwa hiyo karatasi zikusanye mwenyewe, usimwachie msimamizi wao.