Nilipeleka fimbo, nikarudishiwa tendegu

Fundi wa matendegu hakuniuliza. Naanza na hilo, na yote nitakayosema baadaye, mazuri na mabaya, myasome mkilikumbuka. Mtu akikupa mwanawe umnyoe, hukati na sikio kisha ukasema lilikuwa kubwa.

Fimbo yangu ya pool ni ya mtumba. Nilinunua kwa jamaa aliyerudi Dubai, shilingi 4,500 baada ya kuvutana kutwa nzima. Imeundwa kwa ule mti mweupe mgumu wa Amerika Kaskazini, wenye jani lililochorwa kwenye bendera ya Kanada. Nimeichezea miaka miwili hivi, labda na zaidi. Ilikuwa imeshachoka: ncha imechanua kama uyoga, ile pete nyeupe chini ya ncha ina ufa, na uzi wa mpini umefumuka kama mkeka wa chuoni. Lakini ilikuwa imenyooka. Ukiibingirisha mezani yaenda kimya. Kwa mji huu wa Mombasa, ambako masika ikiingia hata mlango wa msaji hujaa ukakataa kufunga, fimbo ya mtumba iliyonyooka ni riziki.

Nilitaka mambo matatu tu: ncha mpya, pete mpya, mpini uvishwe upya.

Mpini niliupeleka kwa fundi viatu, mzee ashonaye makubadhi. Akaupima kwa uzi, akaniuliza mkono wangu hutoka jasho kiasi gani, akaniambia niushike mbele yake kama nataka kupiga. Siku ya pili nikaukuta umevishwa ngozi ya mbuzi, mshono umelala upande ambao vidole havifiki. Shilingi 600. Ule mpini, wallahi, hulala nao. Kaskazi ya mwaka huu imenitoa jasho mpaka kwenye nyusi na mkono haukuteleza hata mara moja. Huyo mzee nampa kongole bila masharti, na laiti ningeishia kwake.

Ncha nilinunua mwenyewe. Na hapa niwape faida wasiojua: nyingi katika zile ncha za bei ghali, za tabaka tabaka, ni ngozi ya nguruwe. Sitoi fatwa, sina elimu hiyo. Lakini ncha waipaka choki, waigusagusa kwa kidole, kisha kwa mkono uo huo wala mahamri. Nikachukua ya kipande kimoja, ya ng'ombe, nikastarehe.

Sasa pete. Pete yataka mashine ya kukerezea, maana lazima ikae sawasawa na mti, isizidi wala isipungue. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja hodari wa kukereza matendegu ya vitanda. Simtaji jina wala kichochoro chake. Matendegu yake nimeyaona, ni mazuri, hilo siwezi kumnyima. Nikampa kipande cha mbele cha fimbo, nikampa ncha, nikamwambia: "Ami, pete tu na ncha. Mti usiuguse." Akatikisa kichwa. Mimi nilidhani ni cha kukubali.

Nilirudi jioni, stima zimepotea mtaa mzima, akanikabidhi kitu kimefungwa gazeti. Nikalipa 1,500 gizani kama mjinga na nikamwambia ahsante.

Nyumbani, kwenye mwanga, nikafungua. Subhanallah. Fimbo imekonda! Mbele kote, kama urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidoleni, ameula mti. Ilikuwa milimita 13 pale kwenye ncha. Nikaazima kalipa, kile kipimo cha unene, kwa jirani, nikakuta 11 na kidogo. Na imepigwa msasa ikang'ara kama tendegu la bi harusi. Kanuni za dunia za pool zaruhusu ncha mpaka milimita 14, kwa hivyo yangu haikuwa na kosa lolote. Yeye aliiona nene tu, kwa kuwa zile za kumbini kwetu ni nyembamba, akaamua kunisitiri.

Nikajizuia. Nikasema, labda yachezeka. Usiku ule ule nikaenda Mwembe Tayari, pale tunapochezea.

Mipira ya moja kwa moja iliingia. Kila nikimpiga mweupe, ule mpira unaogongwa kwa fimbo, ubavuni, nakosa. Sikosi kwa nywele, nakosa wazi, watu wanaguna. Hata hivyo yule bwana niliyecheza naye alikuwa hoi kuliko mimi, tukafika kwenye mweusi, mpira wa mwisho. Mweusi umekaa mdomoni mwa shimo, mtoto wa chekechea angeutia. Nikapaka choki, nikainama, nikapiga.

Ikalia *pwa!* Mweusi umeingia, na mweupe unaufuata polepole, na nyuma ya mweupe chabingirika kitu cheupe kidogo chenye kofia ya buluu. Ni pete yangu na ncha yake. Vyote viwili, mweupe na pete, vikatumbukia shimoni.

Ukumbi ulilala kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Jamani, fimbo imetahiriwa!" Tangu siku hiyo nikiingia naulizwa kama kidonda kimepona, kama nimeivisha kikoi. Na kwa kuwa mweupe alitumbukia, nilishindwa, gemu nililipa mimi.

Usiku nikaikagua ile pete. Naijua ile plastiki. Ni ule ubao mweupe wa kukatia nyama jikoni, kumekwangurika upande mmoja na alama ya kisu ipo! Amekereza pete kwenye ubao wa jikoni. Plastiki ile ni ndugu wa mifuko tuliyopigwa marufuku 2017, gundi haiishiki, hukaa juu yake tu kama maji juu ya jani la mgomba. Hata ukitia supagluu chupa nzima. Zamani pete hizi zilikuwa za pembe za ndovu, na pembe zilipitia bandari hii hii kwenda huko duniani. Sidai pembe mimi. Biashara ile imekufa na ife, Rais Moi alichoma tani 12 mwaka 1989 na sina hoja nayo. Lakini toka pembe mpaka ubao wa kukatia vitunguu?

Asubuhi nikamwendea. Yuwala viazi karai, hakuinua uso.

"Ami, hii imetoka."

"Waipiga kwa nguvu."

"Na mti umeukata. Nilikwambia usiuguse."

Akafuta vidole, akaishika, akaitazama kwa jicho moja toka mwisho mpaka mwisho. "Uliniletea mchi wa kutwangia. Nimekufanyia ihsani, mwanangu."

"Sasa wanirudishiaje mti?"

"Mti haurudi. Hata umri haurudi, na hujamlilia mtu." Akageukia chachandu yake.

Pesa hakurudisha. Samahani hakusema. Na kilichonichoma zaidi, kuliko pesa, kuliko hata pete, ni kwamba hakuona kosa liko wapi. Kwake mbao zote ni matendegu. Lile lenye uzito hupunguzwa. Nikatoka natetemeka, nikaapa nitaandika, na hiki ndicho kiapo chenyewe. Msimpelekee fimbo. Mpelekeeni kitanda.

Ningeishia hapo. Tatizo ni yaliyofuata.

Nilipata pete nzuri kwenye fimbo iliyovunjika ya rafiki yangu, nikaikwangua taratibu kwa msasa mpaka ikaingia, nikaibandika kwa gundi ile ya kuchanganya mbili, nikaiacha siku nzima na ncha juu yake. Ikashika. Nikarudi mezani nikiwa bado na hasira na fimbo, nikaanza kupiga mipira peke yangu nijue nakosa upande gani. Nakosa daima upande ule ule. Nikimpiga mweupe ubavu wa kushoto, naenda kushoto mno.

Hapo nikafahamu. Ukimpiga mweupe kushoto, hutoka akipotoka kidogo kulia, na kiasi cha kupotoka chategemea uzito wa fimbo pale mbele kabisa, karibu na ncha. Mbele kukiwa kuzito, apotoka zaidi. Zile fimbo za bei ya pikipiki zinazosifiwa kwa kutompotosha mweupe, siri yake ndiyo hiyo: hufanywa nyepesi mbele, nyingine hutobolewa ndani kabisa. Mimi miaka yote nilikuwa nalenga kando ili kufidia uzito wa mchi wangu, na mkono ulizoea bila kuniambia. Yule fundi wa matendegu aliuondoa uzito. Fimbo yaenda ninakoitazama, na mimi bado naifidia kosa ambalo halipo tena.

Nimetumia kama wiki tatu kujifunza kulenga upya. Sasa hivi naingiza mipira ambayo zamani sikuijaribu mbele za watu.

Basi hukumu ni gani? Sijui, msinibane. Kazi ya pete ni aibu, na hilo silirudii. Kazi ya mti... ni nzuri. Tumeandika, yakhe, ni nzuri. Imenyooka kama ilivyokuwa, kukonda kwake kumeenda taratibu bila nundu, na hilo kwa mkono na mashine ya matendegu si mchezo. Lakini hakujua! Hakuifanya kwa sababu ya mweupe kupotoka, aliifanya kwa sababu haikumpendeza machoni. Mtu akikusukuma ukaangukia noti ya elfu, wamshukuru? Mimi simshukuru. Nilimpa fimbo yangu na maneno machache ya Kiswahili fasaha, akayaacha yote mlangoni. Na 1,500 zangu za pete ya ubao bado nazidai.

Juzi nimepita kichochoro kile nikakuta fimbo mbili zimeegemezwa ukutani, zangoja zamu kando ya matendegu. Wenyewe nawajua, ndio walewale walionicheka. Nikawauliza wanatengeneza nini. Wakasema wataka ziwe nyembamba kama yangu.

Nimewaambia waende na pete zao mkononi.