44 Magnum ya kulinda nyumba? Leo nawaonyesha risasi ya PILI

Haya wadau karibuni tena, leo tuko nje ya Houston kwenye uwanja wa kulenga shabaha, upepo upo kwa hiyo maiki ikivuma mnivumilie. Mezani hapa nina hii kitu, oneni wenyewe. Smith & Wesson 629, chuma kitupu kisichoshika kutu, mtutu inchi 6, inakula 44 Magnum, yaani risasi nene yenye nguvu nyingi. Sio yangu, ya shemeji, yeye anawindia nguruwe pori, na hapa Texas hao wamezidi mpaka wanafukua mashamba ya watu. Mambo ya saizi na rangi siyataji, yako kila mahali. Mimi nataka tumalize swali moja ambalo kila wiki naulizwa, "kaka nataka bastola ya kulinda familia, si bora nichukue kubwa kabisa risasi moja imalize kazi?"

Na leo nina hasira, niseme wazi. Kuna jamaa yetu hapa hapa mjini, dereva wa lori kama mimi, kaingia duka moja wakamuuzia 44 wakamwambia hii ndio ya mwanaume, kalipa zaidi ya dola elfu moja, kaiweka ndani, kapanda lori kaondoka siku nne. Nyumbani kabaki nani? Mkewe. Hajawahi hata kuishika! Sasa hiyo bastola inamlinda nani?

Ndio maana leo niko na mama Nasra. Mama Nasra wasalimie... haya, kawasalimia. Yeye ndiye anayebaki na watoto nikiwa barabarani, kwa hiyo kwangu kipimo ni mikono yake, sio yangu.

Tuko yadi 7, karatasi ya kawaida, saa ya kupimia risasi ninayo kiunoni. Kwanza Glock 19 yetu, bastola ya risasi ndogo za 9mm, mmeizoea. Mama piga tano. ... Umesikia mlio? Unafuatana. Sekunde 3 na nukta kidogo, zote tano ziko kwenye karatasi, unaweza kuzifunika kwa kiganja. Sasa 44. Mama ishike kwa nguvu, mikono nyoosha, sikilizeni. ... Moja. Angalieni mtutu umekwenda wapi! Unaangalia juu kabisa, mikono imepita kichwa, mpini umezunguka kwenye kiganja, ona anaanza kuupanga upya mkono kabla ya kupiga ya pili. Hapo ndipo pa kuangalia wadau, narudisha video polepole. Risasi ya kwanza imeingia, nzuri tu. Ya pili imechelewa karibu sekunde mbili na imekwenda nje ya karatasi chini kushoto, kwa sababu mkono umeshajua teke linakuja, yaani bastola kuruka nyuma ikipigwa, unalikwepa kabla halijafika. Hajapiga ya tatu, kaiweka mezani, na mimi simlazimishi.

Mtasema ni mwanamke. Haya, mimi hapa kilo 90, nimepiga bastola miaka. Tano za 9mm, sekunde 2 na nukta 1. Tano za 44, sekunde 5 na nukta 6, na mbili zimetoka nje. Mimi! Tena mchana, nimesimama vizuri, hakuna mtu anayevunja mlango.

Sababu yake haina uchawi. Risasi ya 9mm ina gramu 8 hivi, ya 44 inakaribia gramu 16, mara mbili, halafu inatoka kwa kasi zaidi. Kinachokwenda mbele kwa nguvu hiyo kinarudisha mkono nyuma kwa nguvu hiyo. Na bastola yenyewe ina kilo moja na robo na zaidi, ndio uzito unasaidia kumeza teke, lakini jaribu kuibeba kiunoni siku nzima kwenye kiti cha lori. Risasi sita basi. Glock inabeba 15 na ina nusu ya uzito huo.

Kitu kingine, sogeza kamera hapa karibu, karibu zaidi. Mnaona huu mwanya kati ya mtutu na silinda, hiki kinachozunguka chenye risasi? Mwembamba, hata kucha haiingii. Naweka kipande cha boksi pembeni, nakifunga kwa klipu, napiga moja. ... Haya oneni boksi. Limechanika mstari mzima, kingo nyeusi, lina moto bado. Hiyo ni gesi ya baruti inayotokea pembeni. Sasa mama Nasra kazoea kushika Glock, dole gumba la kushoto analilaza mbele. Aliposhika hii mara ya kwanza nyumbani, tupu, dole lilikwenda hapo hapo kwenye mwanya. Ndio nimekata boksi mbele yenu, ili ukinunua bastola ya silinda umfundishe mtu upya kushika kabla hajatia hata risasi moja.

Kuhusu "risasi moja inamaliza", kuna historia. Miami, Aprili 1986, maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipambana na majambazi wawili, maafisa wawili wakauawa, watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni, akaendelea kupiga. FBI wakasema basi, tunataka kubwa, wakaenda risasi ya 10mm, teke likawasumbua maafisa wengi mpaka wakaipunguza baruti, ndio 1990 ikaja risasi fupi zaidi, 40 S&W. Na leo wako wapi? Wamerudi 9mm! Risasi zimetengenezwa vizuri zaidi, zinafika ndani inavyotakiwa, na maafisa wanapiga haraka na wanapata shabaha. Walizunguka miaka karibu thelathini.

Kuta nazo. Apatimenti za huku ni mbao na bodi za jipsamu, hata 9mm inapita, msidanganywe na mtu, lakini 44 ya kuwindia ikikosa unayemlenga inaondoka na nguvu nyingi bado, na upande wa pili kuna kitanda cha mtoto wa jirani.

Sasa sitaki kuionea, maana bastola yenyewe nimeipenda sana. Ukivuta nyundo nyuma kwa dole, kifyatulio kinakatika kama kijiti kikavu, yadi 25 nimeweka tatu karibu zinagusana. Kwa nguruwe, au Alaska kwenye dubu, nakubali kabisa. Na inakula pia 44 Special, risasi ya tangu 1907, laini, mama Nasra kapiga sita kwa raha, zote kwenye karatasi. Lakini ukishashusha mpaka hapo, umebeba chuma kizito chenye risasi sita kufanya kazi ya 9mm. Na bei, boksi la 50 la Magnum ni zaidi ya dola 50, nani atafanya mazoezi kila mwezi?

Kabla sijasahau, mlioko huku kwa viza ya masomo au ya kutembea, msisikie tu kwamba Texas tangu Septemba 2021 unabeba bila kibali mkaenda dukani. Sheria ya shirikisho kwa kawaida hairuhusu mwenye viza hizo kumiliki silaha. Ulizeni wakili kwanza.

Video za Jumapili zinahamia Alhamisi kwa sababu ya ratiba ya lori. Alhamisi naleta kasha la bastola la kufungulia kidole, maana kwetu kuna watoto watatu. Na yule jamaa yetu nimeshampigia, Jumamosi anamleta mkewe hapa uwanjani, atashika tatu tofauti, atakayoipiga vizuri ndiyo itakayobaki nyumbani kwao.