Cyprus 1956: Ungekaa Kyrenia au Nicosia?

Tuseme wewe ni Mwingereza, raia tu sio mwanajeshi, uko Cyprus, koloni la Mwingereza, wakati EOKA, wapiganaji wa siri wa Wagiriki wa kisiwani, wameshaanza mabomu (walianza tarehe 1 Aprili 1955) wanataka Mwingereza aondoke na kisiwa kiungane na Ugiriki. Unakaa wapi?

Kyrenia ni kaskazini, kabandari kadogo, milima nyuma, na wastaafu wa Kiingereza walikuwa wamejazana huko kitambo. Maisha bei poa, majirani wanakukaribisha kahawa. Shida ni kwamba Machi 1956 serikali ya Mwingereza ikambeba Askofu Mkuu Makarios, kiongozi wa Wagiriki wa kisiwani, ikampeleka uhamishoni Shelisheli, sasa hebu fikiria unamwangalia vipi jirani yako Mgiriki asubuhi yake? Anaweza akawa bado anakupenda ila akionekana na wewe sana wenzake watamwita msaliti, kwa hiyo ukimya unaanza, na ukimya wa watu uliokuwa unakula nao unauma kuliko matusi.

Nicosia, mji mkuu, ndo kuna ofisi, kazi, mshahara. Lakini pia kuna mtaa wa Ledra, ambao Waingereza wenyewe waliupa jina la Maili ya Mauaji, mtu anapigwa risasi mgongoni mchana kweupe halafu muuaji anapotelea vichochoroni. Ongeza kafyu na misako, wanaobanwa zaidi ni wenyeji, chuki inazidi tu.

Mi ningechukua Kyrenia, ila mizigo nisingeifungua yote.