Mashine ya kuoshea vyombo Kigamboni: sahani safi, sufuria bado zangu

Kwetu anayepika haoshi. Mpishi ni Mama Naima, kwa hiyo beseni, dodoki na stilwaya ni mali yangu tangu tuoane, na wala sioni aibu. Tulipokarabati jiko nikamwambia seremala aache nafasi kwenye kabati jipya kwa ajili ya mashine ya kuoshea vyombo, ile ya kujengewa ndani, mlango wake unafunikwa ubao na mgeni hajui kama ipo. Tumeshakaa nayo vya kutosha kuisema. Jina la kampuni silitaji, maana mengi yaliyonisumbua hayatoki kiwandani. Yanatoka kwenye maji, umeme na mafundi.

Nianze na maji, kwa kuwa muuzaji hakuyagusia kabisa. Kitabu chake kinataka presha isiyopungua nusu baa, baa ikiwa ni kipimo cha presha. Maji yakiwa juu mita 10 yanakupa baa moja, kwa hiyo nusu baa ni mita 5 kutoka kwenye tangi hadi kwenye mashine. Simtanki letu limekaa kwenye mnara wa mita 3. Mashine ikawa inawaka, inaguna, inasubiri, kisha inaonyesha alama ya bomba na kugoma. Fundi wa duka alibadilisha mpira wa maji, haikusaidia, akataka kuibeba. Kijana mmoja wa mtaani, fundi bomba, alifungua bomba la jikoni akaweka kidole chini yake, akasema, "Mzee, haya maji yanatembea, hayakimbii." Pampu ndogo ya presha ikamaliza ugomvi. Bei yake iweke kwenye hesabu kabla hujaenda dukani.

Halafu chumvi. Chini ya kreti ya chini, yaani trei ya kupangia vyombo, kuna kifuniko cha kuzungusha, hapo ndipo inapoingia. Wengi hudhani inasaidia kusugua, kumbe haigusi hata kijiko. Humo ndani kuna chembechembe za resini zinazonasa chokaa ya maji, yaani kalsiamu na magnesiamu, na kazi ya chumvi ni kuzisafisha hizo chembechembe ili ziendelee kunasa. Usiweke ya mezani: imetiwa madini joto, na ni laini mno, hugandamana. Inatakiwa chumvi ya mashine, safi, ya chenga nene. Mara ya kwanza kabisa unatangulia kujaza maji, kama lita moja, ndipo chumvi ifuate. Baada ya hapo ni chumvi peke yake. Ukishajaza, iwashe papo hapo, zile chenga zilizomwagika pembeni zisikae zikala bati. Duka lililoniuzia mashine halikuwa na chumvi hiyo hata mfuko mmoja, na muuzaji alinitazama kana kwamba nimeulizia dawa ya ng'ombe.

Ila resini inanasa chokaa tu. Maji ya visima huku kwetu yana na ile chumvi yenyewe unayoionja ulimini, na hiyo inapita tu. Mwanzoni glasi zilikuwa zinatoka na ukungu mweupe, mke wangu akasema fedha imepotea. Kupambanua ni rahisi: paka doa maji matupu. Likiyeyuka, ni chumvi ya kisima. Likikaa mpaka uweke ndimu, ni chokaa, na hapo unapandisha kipimo cha ugumu wa maji kwenye mashine. Letu liliyeyuka. Siku hizi kuna tangi la pili, dogo, linalopokea maji ya bomba yakija, na mashine inakunywa humo. Glasi sasa zinang'aa, hilo sibishi.

Inaoshaje? Sahani, bakuli, vikombe, vijiko: vizuri kunishinda. Sahani ya mchuzi wa nazi iliyolala, ambayo kwa mkono unaisugua mpaka uichoke, inatoka haina hata utelezi. Ugali uliokauka nao unatoka, mradi ukwangue mabonge kwanza. Kusuuza hakuna haja. Programu ya uchumi, ile ya kubana matumizi, inaosha kwa nyuzi 50 na inachukua zaidi ya saa 3. Wasioizoea wanalalamika ni ndefu, lakini sabuni yake ina vimeng'enya vinavyohitaji muda kula wanga na protini. Mimi naiwasha nikienda kulala. Inakula umeme chini ya uniti moja, na kwa umeme wetu wa LUKU wa shilingi 356 hivi kwa uniti, hiyo si hoja. Kinachouma ni vidonge vya sabuni. Nimehamia kwenye ya unga, unapima kadiri ya uchafu.

Vyombo vya plastiki ni kero. Vinatoka vimelowa, kwa sababu vyombo vinakauka kwa joto vilivyolibeba wenyewe na plastiki haishiki joto. Na vikishakaa na mchuzi wa manjano, vimepata rangi ya kudumu.

Sufuria sasa. Sufuria za alumini, yaani zile zilizojaa majikoni mwetu, usiingize. Sabuni ya mashine ni kali, alumini inageuka rangi ya risasi, na ukiifuta kwa kidole kidole kinabaki cheusi. Mwiko unapasuka. Mbuzi ya nazi usiiwazie. Vikombe vya harusi vyenye mstari wa dhahabu Mama Naima kavifungia kabatini, na kafanya vyema, mstari unafifia. Kwa hiyo baada ya pilau ya Ijumaa, mashine inachukua sahani za watu wote, na mimi nabaki na masufuria mawili yenye ukoko. Sabuni ya maji ya kawaida nayo isiikaribie. Shemeji yangu aliitia siku moja kwa nia njema, povu likafika sebuleni na mashine ikajizima kwa usalama wake.

Kuitunza si kazi kubwa lakini haitaki uvivu. Chujio liko sakafuni mwa mashine, unalizungusha na kulinyanyua, linatengana vipande. Langu nimelikuta na magamba ya samaki, karafuu, mbegu za ukwaju, na uzi wa mfuko wa chai. Kila wiki chini ya bomba, kwa mswaki wa zamani. Kuna kipindi vikombe vya kreti ya juu vilikuwa vinatoka na mchanga mchanga wa chakula, chini safi. Nikachomoa panga la juu, lile linalozunguka likirusha maji, nikalielekeza kwenye taa. Matundu matatu yalikuwa yamezibwa na binzari nyembamba, kila punje imekaa wima tunduni mwake kama imepandwa. Kijiti cha meno, dakika tano, basi. Mara moja moja naipitisha tupu kwa joto la juu na unga wa asidi ya sitriki, chokaa inaondoka. Na ikimaliza kuosha, mlango unaachwa wazi kidogo. Kwa hewa ya pwani ukiifunga inanuka kufikia jioni.

Umeme ukikatika yangu inakumbuka ilipofikia na kuendelea. Kinachotisha ni umeme kurudi kwa kishindo, kwa hiyo soketi yake ina kifaa cha kulinda volti. Soketi hiyo iwe ndani ya kabati la jirani, si nyuma ya mashine.

Hapa ndipo ninapokorofishana na "kujengewa ndani". Seremala wetu, kwa mapenzi yake, alitengeneza ubao wa mlango kwa mninga mtupu ili ufanane na kabati. Mzuri kuutazama. Mzito pia: ukifungua, mlango unadondoka kwa kishindo hadi vikombe vinalia. Springi za pembeni zinakazwa kwa skrubu, na ukikaza unakaa, lakini lazima ujue kitu hicho kipo. Seremala hakujua, fundi wa duka naye hakusema. Mvuke unaotoka juu ya mlango ukanyanyua ukingo wa ubao wa kaunta, maana ile karatasi ya kuzuia mvuke iliyokuja ndani ya boksi ilitupwa pamoja na boksi. Kisha panya wakatoboa bomba la maji machafu kwa nyuma. Ingekuwa mashine ya kusimama yenyewe, ningeivuta, nikabadilisha bomba, nikairudisha kabla ya chai. Hii ilibidi tung'oe ubao wa chini, tulegeze skrubu zilizoshika kaunta, tushushe miguu, watu wawili, asubuhi nzima.

Mwenzangu ofisini anajenga Kibada na ameniuliza anunue ipi. Nimemwambia anunue upana huu huu wa sentimita 60, ila ya kusimama yenyewe, na mnara wa tangi aupandishe sasa hivi wakati mafundi wa zege bado wapo.